Ufa Kwenye Mkono Nilioutengeneza

Jumatano. Tangu asubuhi ziwa limefunikwa na wingu zito. Mvua haijanyesha wala wingu halijaondoka. Vidole vyangu bado vinanuka grisi na chakula kimenishinda. Naandika kwa sababu siwezi kulala kabla sijayasema haya.

Leo nimekaribia kuua mtu.

Kwa anayefika kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Salma. Nina gereji ndogo hapa Mwanza pamoja na mwenzangu Majaliwa. Mimi huchora na kukata, yeye huchomelea. Kazi yetu ni kuinua magari ya foo-wili yaweze kupita kwenye makorongo na mawe. Gari likiinuliwa, ile mikono miwili ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma huwa mifupi, kwa hiyo tunatengeneza mingine mirefu. Mchoro ni wangu. Sikujifunzia chuoni, marehemu baba alikuwa mhunzi, nami nimekulia kwenye cheche. Sisi wenyewe tumeifunga kwenye magari mawili tu: langu la majaribio, na la Dokta Kabula, daktari wa mifugo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa chali chini ya gari langu, nafuta tope kwenye mkono wa kushoto. Nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nikadhani ni uchafu. Nikaupitishia ukucha, ukucha ukanasa.

Ulikuwa ufa.

Ulianzia kwenye kona ya bapa la chuma linaloshika bushi, ile raba ya kiungo. Kona ile naijua. Nilipaswa kuizungusha, kwa sababu chuma kikiwa na kona kali, mzigo wote hukusanyika pale, na pale ndipo huanza kuchanika. Nalijua hilo tangu nikiwa msichana. Lakini kuzungusha kona kwa grenda kunachosha, na siku ile nilikuwa na haraka ya kuona gari limesimama juu. Nikakata mraba, nikapaka rangi nyeusi, ikapendeza.

Na Dokta Kabula alikuwa ameshavuka na kivuko cha kwanza, anakwenda kuchanja ng'ombe kwenye kijiji kimoja ndani kabisa huko Sengerema. Mkono ukikatika mteremkoni, ekseli inageuka upande na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Nikampigia. Hapatikani. Nikampigia mara nane.

Majaliwa aliinama akaumulika ufa kwa tochi ya simu.

"Wa kwake huenda ni mzima," akasema. "Subiri arudi jioni, tutamwambia ni sevisi ya kawaida, tubadilishe. Ukimkimbilia huko, mji mzima utajua vyuma vyetu vinakatika."

Sasa naandika jambo ambalo ningependa kulificha. Nilikubali. Nilikaa juu ya tairi nikanywa chai, saa nzima, nikijiambia kwamba Dokta huendesha polepole. Haendeshi polepole, nalijua hilo. Nilipotaka kumimina kikombe cha pili, chai ikaishia mapajani. Ndipo nikanyanyuka.

Kwenye kivuko cha Kamanga nilisimama mbele kabisa, kana kwamba kusimama mbele kungenifikisha mapema. Bibi mmoja mwenye beseni la dagaa aliniuliza kama nina mgonjwa ng'ambo. Nikamwambia ndiyo. Akanishika bega, akasema Mungu atamponya. Nilitamani kulia.

Ng'ambo nikapanda bodaboda. Kila kona nilitazama bondeni, natafuta gari jeupe lililolala ubavu. Kwenye kilima kimoja barabara ilikuwa imeliwa na mvua mpaka imebaki mawe matupu, na katikati ya mawe nikaona alama za matairi mapana. Alikuwa amepita pale.

"Dada, usinibane hivyo," dereva akasema. "Tutaanguka wote."

Nilimkuta kwenye josho la kijiji. Gari lilikuwa pembeni, limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Sikumsalimia mtu. Nililala chini nikajiburuta uvunguni.

Mkono wa kulia, mzima. Wa kushoto, ufa ulikuwa umevuka nusu ya bapa. Ungeweza kuingiza ncha ya kisu.

Nilibaki palepale uvunguni, uso karibu na chuma, nimesahau hata kuomba. Kisha nikaona buti za mpira.

"Salma? Umekuja kufanya nini huku?"

Nikatoka, nikamwambia. Dokta akavua glavu, akapiga magoti, akatazama mwenyewe.

"Umeuona saa ngapi huo wa kwako?"

"Saa tatu."

"Sasa ni saa nane, mdogo wangu."

Ningeweza kukisingizia kivuko. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Saa nzima nilikaa nakunywa chai, Dokta. Niliogopa aibu."

Alisimama, akafungua mlango wa mbele. "Asubuhi mama yangu alikuwa kwenye hiki kiti," akasema. "Nimemshusha Sengerema mjini. Kumbe mama yangu nilimkalisha juu ya chuma hiki." Akavaa glavu, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Mikono ya kiwandani ya gari lake tulikuwa tumeiacha gereji; ni mifupi, lakini ingemfikisha nyumbani. Nilipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Majaliwa aniletee. Nilitegemea ubishi. Akasema tu, "Nakuja."

Alifika kabla giza halijaingia, kafunga vyuma nyuma ya pikipiki kwa mpira. Tukafanya kazi bila kusemezana. Nilipolegeza bolti na kuugonga ule mkono kwa nyundo, mara moja tu, ukakatika vipande viwili.

Majaliwa alikaa chini mavumbini, akajishika kichwa.

Dokta aliviokota vile vipande, akaviweka kwenye kiti cha mbele. "Hivi nabaki navyo," akasema, akawasha gari. Sikuthubutu kumuuliza ni vya nini.

Ningependa kuishia hapa, nimshukuru Mungu, nilale. Siwezi.

Mwezi uliopita niliuweka mchoro wa mkono huu hapahapa kwenye blogu, na vipimo vyake vyote, na kona yake ya mraba. Nilijivuna sana. Usiku huu, mara tu tuliporudi, nimeufuta. Lakini kufuta mchoro hakuondoi chuma ambacho mtu ameshakikata na kukifunga.

Sijui wameunakili wangapi. Ninayemfahamu ni mmoja tu, na ninamfahamu kwa maoni aliyoyaacha juzi. Yuko Misungwi. Ananishukuru: ametengeneza, amefunga, gari linapanda kama mbuzi, na Alhamisi anawapeleka watoto kwa bibi yao.

Nimemwandikia mara nne. Kimya.

Kesho ni Alhamisi. Kukipambazuka nitakuwa Misungwi, nitapita gereji moja baada ya nyingine nikiuliza nani ameinua gari mwezi huu, na kila atakayeniuliza kwa nini, nitamweleza.

Kaka wa Misungwi, silijui jina lako. Kama unasoma hapa kabla sijakufikia, nakuomba, usiwashe gari.