Koili Iliyopinda ya Kaka Bakari

Redio imefika, wifi yangu Zaina. Ndugu zako waliitia ndani ya kapu la machungwa wakamkabidhi utingo wa basi la Muheza, naye akaileta mpaka mlangoni hapa Nguvumali huku akilalamikia uzito. Habari ya kifo chako ilitangulia, lakini nayo ilinikuta umeshazikwa. Muheza si mbali. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tulikuwa tukipelekeana salamu, nitakuja, nitakuja, na sasa nimebaki kuzungumza na redio.

Nimeiweka mahali pake, kwenye meza ya kaka Bakari chini ya dirisha. Wewe mkewe uliiita meza ile mke mwenzio. Mimi dada yake niliiita jalala. Akirudi kutoka korona, kile kiwanda cha mkonge upande wa Pongwe alikokuwa fundi wa mitambo, hajala wala hajaoga, anaketi. Koleo kushoto, tupa kulia, vikopo vya maziwa vimejaa skurubu, na chuma cha kulehemu kinangoja moto wa jiko lako. "Zaina, niazime makaa kidogo tu," na wali wako unabaki na kiini. Kuna ile kengele aliyoifunga mlangoni, ikawa inalia kila mlango ukifunguliwa, hata mama yetu akaapa atapita uani mpaka ing'olewe. Kuna taa ya baiskeli iliyowaka mtu akifungua kabati, ikatuonyesha vizuri kabisa kwamba sukari imekwisha.

Na koili zake, zile za waya mwembamba wa shaba aliouzungusha kwenye kipande cha mwanzi ili redio iweze kuchagua stesheni. Mitambo ya korona ilikuwa imemla ncha ya kidole cha shahada, kwa hiyo waya haukulala sawasawa. Kila mzunguko uliegemea kidogo kulia. Ulimtania, "Bakari, koili yako imelewa." Naye hakuinua kichwa. "Ilimradi inaijua njia ya Unguja," akasema.

Homa ikamchukua redio haijaisha. Ukakaa eda katika chumba kile kile, na meza mbele yako. Picha yake hatukuwa nayo, maana kila tulipomhimiza aende kupigwa alirudi na waya. Siku moja ukaniambia, "Wifi, nataka iseme kabla sijatoka eda. Nikitoka kaka zangu watanipeleka kwetu, na mie nataka niende nayo inasema."

Mama hakupenda. "Nyumba ya eda hii, si nyumba ya ngoma."

"Nitasikiliza habari tu, mama."

"Habari zao zina ngoma ndani yake."

Lakini alikuona ulivyokuwa ukizigusagusa zile koleo, akaomba tu sauti isivuke kizingiti. Kwa kuwa hukuweza kutoka, mimi nikawa miguu yako. Nilikutafutia risasi ya kulehemu. Nikapanda ngazi nikautandika waya mtupu wa shaba kutoka dirishani, juu ya bati la jiko, hadi kwenye nguzo ya uani, ule waya ambao bila huo redio haidaki kitu. Ndani ulifuata viungo vyake kimoja kimoja, ukimalizia palipobaki, na jioni moja mtu akaanza kusoma habari kutoka Unguja kwa sauti ya kubanwa pua. Ulilia, ukacheka, ukalia tena. "Bakari, imeijua njia," ulisema, mkono umeuweka juu ya sanduku lake.

Asubuhi yake ikanyamaza. Jioni ikarudi. Asubuhi nyingine, kimya, na ikawa ndiyo tabia yake. Tulibadilisha betri. Tukalehemu upya kila kiungo. Tukaipangusa, tukaisihi. Mwishowe ukasema labda jua likipanda shaba inavimba, na kwa kuwa koili imepinda, mizunguko yake inagusana. Nikaona ni neno la akili. Ni neno la akili hata leo, ila halikuwa la kweli.

Ulikaa nayo mapajani muda mrefu. "Nikiifungua koili yake sitaweza kuirudisha alivyoifunga."

"Kaka mwenyewe angeifungua," nilikujibu.

Na ni kweli angeifungua. Lakini yeye angeweza kufunga nyingine iliyopinda vile vile. Ulivuta ncha ya waya, ukaukunjua taratibu, ukaunyosha kwa kitambaa chenye nta. Kisha ukaufunga ule mwanzi kwenye charahani, pale uzi wa chini unapozungushwa kwenye kigurudumu chake, ukakanyaga. Koili ikatoka imenyooka, safi, kama ya dukani. Jioni redio ikasema kuliko zamani. Asubuhi, kimya.

Mama Saumu, jirani yetu, alikuwa akija kila asubuhi kukufulia nguo ili usihangaike na uani. Alikuwa mwema kwako, na bado ni mwema. Ikatokea akaenda harusini Pongwe akalala huko, na asubuhi ile redio ikasema tangu chai mpaka adhuhuri. Niliporudi kutoka shamba uliniambia. Tukaunganisha: siku asiyekuja yeye, redio inasema. Kesho yake sikwenda shamba kama kawaida yangu, nikabaki nione. Mama Saumu akaja, akafua, akaanika nguo zako nyeupe za eda, zikitiririka maji, juu ya waya wetu. Waya ukaelemewa, ukashuka ukalala juu ya bati la jiko, na sauti zote zikaishia kwenye bati. Zikikauka alasiri, waya unainuka.

"Mama Saumu, waya huu..." nilianza.

"Nimeuona mwanangu. Hauna kutu, hauchafui nguo. Mmefanya la maana sana."

Nilirudi ndani nikakueleza. Hukukasirika. "Nguo zangu mwenyewe," ulisema, ukapitisha kidole juu ya ile koili iliyonyooka, mara moja tu, ukaiacha. Wewe hukuruhusiwa kutoka ukaona. Yeye hakujua waya ule ni wa nini. Mimi asubuhi zote nilikuwa shambani. Nimetafuta wa kumlaumu miaka yote hii nikamkosa, na majuto yamenikaa hivyo hivyo, hayana pa kwenda.

Ukatoka eda. Kaka zako wakaja, nawe ukapanda basi umeipakata redio, inasema. Kila aliyetoka Muheza nilimuuliza habari yako, na salamu zako zilikuwa zile zile, hujambo, redio haijambo. Niliamini umeshasahau. Nikajiona mimi ndiye mjinga niliyebaki kulilia mkunjo wa waya.

Leo nimefungua mgongo wa redio nitie betri mpya. Nilitarajia kuikuta koili ya charahani. Nimekuta waya uliokatika ukaungwa, ukakatika tena ukaungwa, rangi yote imebambuka kwa kukunjuliwa na kukunjwa. Umezungushwa kwa mkono. Mizunguko mingine imeegemea kushoto, mingine kulia, mingine imepandana. Ndipo nikakumbuka maneno ya utingo, niliyoyapuuza nikidhani ananogesha tu safari yake. Alisema nyumbani kwenu wamestaajabu sana, maana kila ukikaa na redio hii ulikuwa unakifunga kitambaa kidole cha shahada, na kidole hakikuwa na kidonda.

Nimeiunga na waya wa uani, ule ule wetu, nikaiwasha, wifi. Inakoroma. Njia ya Unguja haiijui tena. Charahani ipo hapa, na naweza kuinyosha koili hii kabla ya alasiri, redio ikasema vizuri nyumba nzima isikie. Nimeurudisha mgongo wake, nikazikaza skurubu zote. Ikae inakoroma.

Kumbe miaka yote hiyo uliutafuta mkono wake peke yako, na mimi niko hapa hapa, mwendo wa basi moja tu.

Lala salama, na umsalimie.

Wifi yako, dada yake Bakari,
Nguvumali