Mwiko wa Kinywa

Kwako Mama, uliyelala Makoongwe,

Nimeshindwa kukaa. Nimeosha vikombe visivyo na uchafu, nimetoka uani nikarudi, na bado namsikia Mama Mdogo Mize chumba cha pili akiuliza kama ameshasali adhuhuri. Ameshasali. Nimemjibu, na ataniuliza tena.

Wewe ulianza hivyo hivyo. Kwanza miguu: ulisema unakanyaga pamba. Kisha ulimi ukawa unawaka, hata chai ya vuguvugu ukaisukuma kando. Halafu majina, na majina ndiyo yaliyokuwa kazi yako. Tangu miaka ya mwanzo ya Mapinduzi, hapakuozwa mtu mtaani kwetu Madungu kabla jamaa hawajaja kukuuliza nani alinyonya kwa nani, maana walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Ulikuwa ukiwajibu huku unakuna nazi. Siku moja walipokuja jamaa wa bwana harusi mmoja uliacha kukuna, ukawatazama mmoja mmoja, ukasema, "Niacheni nikumbuke." Walingoja mpaka chai ikapoa. Waliondoka wakikuombea heri, na hawakurudi.

Tukasema uzee. Wengine wakasema una mtu kichwani, pepo. Ukapigiwa ngoma, na mganga akatoa sharti: usitie kinywani chochote chenye damu, cha baharini wala cha nchi kavu, na mayai na maziwa pia. Mdogo wako Mize akalichukua sharti hilo pamoja nawe, usilibebe peke yako.

Sijaona mtu aliyeshika mwiko kama wewe. Mzaliwa wa kisiwa cha Makoongwe, uliyekuzwa kwa pweza, ukawa mtu wa muhogo, kisamvu na chai kavu. Harusini ulikwenda na bakuli lako kutoka nyumbani. Jirani yetu Bi Salama akakutania kwamba Makoongwe nzima yanuka samaki, wewe wanuka kisamvu. Ukamjibu, "Nina mgeni, shoga yangu, na mgeni wangu hapendi shombo." Watu walicheka, na wewe uliwashinda kwa kucheka.

Nimekuwa mwandishi wa habari muda wa kutosha kujua tofauti ya ninachokijua na ninachokidhani. Damu yako haikupimwa, kwa hiyo sijui ni nini kilichokunyang'anya kumbukumbu. Ya Mama Mdogo imepimwa. Daktari alisema vitamini B12 imepungua sana. Ubongo na mishipa ya fahamu huihitaji, na mwili hauitengenezi. Twaipata kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Tumbo la mzee huweza kuichukua kwa shida hata akila vizuri, sembuse asiyekula. Si kila usahaulifu ni huo, akaongeza, lakini huu una dawa, na ukicheleweshwa unaweza kuacha madhara yasiyoondoka.

Nikanunua samaki, changu, nikampikia. Mama Mdogo akaisogeza sahani kando.

"Dada kafa na mwiko wake. Mie niuvunje, nikikutana naye nimwambie nini?"

Kila nilipopata jibu, yeye alikuwa ameshasahau swali. Mwiko hakuusahau.

Leo asubuhi nilimrudisha hospitali bila kujua nitasema nini. Muuguzi alipotaja sindano ya vitamini hiyo, Mama Mdogo akamkazia macho, macho yake ya zamani.

"Hiyo dawa yapita kinywani?"

"Haipiti, bibi."

"Basi mganga alitaja kinywa. Bega hakulitaja."

Akapandisha mkono wa gauni mwenyewe. Muuguzi alijizuia kucheka, akashindwa.

Daktari hakuahidi kitu. Sindano zitaendelea, ganzi ya miguu huenda ikapungua, kichwa huenda kikatulia, huenda kisitulie. Ndiyo maana nazunguka nyumba hii. Najua dawa haifanyi kazi kwa siku moja, na bado natega sikio kila anapofungua mdomo, nikipima swali hili na la jana.

Tulipokuwa tukirudi alinishika mkono, akasimama katikati ya njia, watu wakatupita.

"Mwandikie dada," akasema. "Mwambie sikula kitu."

Hakula kitu, Mama. Nilikuwapo, niliona.

Mwanao,
kifungua mimba wako