Mafuta Mepesi, Difu ya Nyuma

Hemet, California
3 Machi

Mwanangu Itzel,

Habari za Alaska? Natumaini baridi haijakushinda. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua.

Gari letu dogo la mashindano, lile la rimoti, limekuwa kaidi. Nikitoka kwenye kona na kuongeza moto, mkia unateleza, linazunguka kama pia. Likipinduka inabidi nizime rimoti, nishuke jukwaa la kuendeshea, nitembee mpaka lilipo nilikalishe mwenyewe. Siku za kazi hakuna mtu uwanjani. Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama pale konani kuliinua, na wewe ndiye mwenye sikio la kusikia gia za difu zikigawa nguvu kwa magurudumu. Nifanyeje?

Baba yako

Fairbanks
29 Machi

Shikamoo Baba,

Nami mzima. Zamu za hospitali zinachosha.

Difu ya nyuma umeitia mafuta mazito mno. Magurudumu mawili yanazunguka kama yamefungwa pamoja, basi yanateleza pamoja. Mwaga, tia mepesi. Kisha weka springi laini huko nyuma, magurudumu yafuate matuta badala ya kurukaruka. Badilisha kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Kiangazi sitakuja. Usinisubiri.

Mwanao

Hemet
20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimefanya ulivyosema. Gari linakamata udongo sasa. Wendell, mgeni wa mwaka huu ambaye meza yake iko karibu na yangu pale uwanjani, kaniuliza, "Mzee, umelipatia dawa gani? Juzi lilikuwa linacheza dansi."

"Binti yangu kalitengeneza."

"Binti yupi? Mbona sijawahi kumwona?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Sasa pua inagoma kukata kona. Difu ya mbele nitie mafuta gani?

Baba yako

Hemet
11 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huenda barua imepotea, basi nauliza tena. Pua bado inagoma. Au tatizo ni shokamzoba?

Baba yako

Fairbanks
2 Oktoba

Shikamoo Baba,

Barua haikupotea. Zote mbili ziko hapa mezani.

Tangu tumzike Mama umeniandikia mara nyingi, na jina lake halimo hata mara moja. Kila nikifungua bahasha nakuta difu. Nasoma, nakujibu, halafu nakaa na chakula changu mbele ya dirisha lenye giza, sina wa kumwambia kwamba namkumbuka.

Mbele tia mepesi kidogo, pua itaingia. Nimekujibu. Sasa niulize kitu kisicho na magurudumu.

Itzel

Hemet
19 Oktoba

Itzel,

Unalala vizuri? Unakula na nani? Mama yako huja ndotoni kwako? Kwangu haji. Silali kitandani, pamekuwa papana. Nalala kwenye kiti cha sebuleni, televisheni ikiwaka bila sauti.

Jana nilisema "Graciela" kwa sauti, mchana, nikiwa jikoni. Sauti ilitoka kama ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Nikalisema tena.

Sijui kuandika barua za namna hii. Usipojibu nitaandika nyingine.

Baba