Hodi Iliyokuwa Chini ya Kelele za Mashine

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, Uvira.

Mvua imenyesha toka asubuhi hadi saa tisa, kisha ikakatika ghafla. Ziwa limekuwa na rangi ya matope mpaka mbali, na milima ya Burundi ng'ambo haionekani kabisa. Nimefunga studio mapema. Nimekaa kuandika.

Nianze na mashine, maana kila kitu kimetokea kwa ajili ya mashine.

Wanaonisoma humu mtandaoni wanajua kazi yangu. Napiga picha, natengeneza picha, na wenye ndugu Kanada au Australia wanakuja kwangu kuongea nao kwa video. Sehemu kubwa ya kazi, niseme ukweli, ni wafu. Mtu akifariki, familia inaleta picha yoyote iliyopo, ya harusi au ya kadi. Mimi namkata humo, namvisha koti na tai, namfuta mikunjo, namweka mbele ya mawingu ya bluu. Kadre, yaani picha ndani ya fremu yake, inakaa kwenye kilio. Picha yenyewe inaruka kwenye simu za watu, na inafika mahali ambapo marehemu hakuwahi kukanyaga.

Ordinateri yangu ya zamani, kompyuta ya kazi, ilikuwa ile ya kusimama, yenye vantilateri tatu za kuipoza. Nikifungua picha kubwa inanguruma kama kinu cha kusaga mihogo. Wateja wa ng'ambo walikuwa wakiniuliza kama niko ndani ya ndege. Nilizoea. Nilivaa kaske ya kusikilizia masikioni kutwa, nikageuzia dirisha mgongo, nikafanya kazi.

Nimehangaika mwezi mzima kuchagua nyingine. Deo, fundi wangu, alinipa njia tatu. Ya kwanza, mashine ya kubeba, ile nyembamba. Kwa simu za video haina neno, lakini ifungulie picha za harusi nzima uone: kile kivantilateri chake kinapiga mluzi, na mikro ya kunasa sauti inapenda mluzi kuliko mngurumo. Ya pili, nibaki na ile kubwa lakini niihamishie stoo, waya zipite ukutani. Stoo yangu inavuja. Ya tatu ni kisanduku kidogo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kisicho na vantilateri hata moja. Joto linatokea kwenye mwili wake wa chuma, na diski yake haina kitu kinachozunguka. Ubaya wake ni kwamba kwenye picha nzito kinajivuta. Deo alitikisa kichwa, akasema mtu wa retushe, wa kusafisha nyuso za watu, anataka nguvu. Nikamjibu kwamba nataka kusikia. Tena kinakula umeme kidogo, na batri zangu za jua si za kujivunia.

Nikaongeza ekra pana ya kutazamia, ambayo rangi zake hazibadiliki ukiinama, na mikro ya mezani. Nikatundika mablanketi mawili mazito kwenye ukuta wa saruji ili sauti isirudi. Kama na wewe unatafuta mashine ya namna hii, ushauri wangu ni mmoja: kabla hujanunua chochote, zima kila kitu, ukae, usikilize chumba chako. Mimi sikufanya hivyo.

Jana Deo alimaliza kufunga akaenda zake. Nilibonyeza nikadhani haijawaka. Hakuna kitu kilicholia. Kwa mara ya kwanza tangu nipange chumba hiki nilisikia maji yakidondoka kwenye bati la jirani.

Furaha ilinipanda kichwani. Nikataka kupima, nione nilikuwa nawatesa watu kiasi gani. Nikachukua ujumbe wa sauti niliomtumia mteja siku kama kumi hivi zilizopita, nikauweka kwenye programu inayoondoa kelele. Mngurumo ukatoka, nikabaki mimi naeleza habari za kadre na vioo.

Chini ya sauti yangu kulikuwa na mwanaume.

Alikuwa mbali, anasema polepole. "Hodi." Kimya. "Hodi hapa." Nikafikiri ni redio ya jirani. Nikafungua ujumbe mwingine, wa siku nyingine, nikausafisha hivyo hivyo. Sauti ileile. Nikafungua wa tatu. Humo aliita mara tatu, na mimi nasikika nikicheka na mteja, sijibu, kama vile haniiti mimi.

Siku zote hizo nilikuwa peke yangu chumbani. Nilizima mashine, nikalala na taa.

Sasa niseme kitu ambacho sikukiandika humu kilipotokea, kwa aibu.

Wiki tatu zilizopita alifariki baba mmoja wa kijiji cha Runingu, Papa Samweli, mkulima wa mpunga. Aliyeagiza picha ni dada yake aliye Kanada, Mama Rebeka. Alinitumia picha ya harusi: ndugu wawili wamesimama, wamevaa kitenge kimoja cha uniforme ya familia, wamenyoa sawa, wana uso mmoja. Samweli na mdogo wake Elia. Kwenye simu ya video alishika ileile picha ya karatasi mbele ya kamera akaniambia, ni huyu wa kushoto. Alikuwa anajitazama kwenye simu yake mwenyewe, na simu humwonyesha mtu nafsi yake kama kioo. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Ningeweza kumuuliza tena. Lakini mashine ilikuwa inanguruma, kila swali nalirudia mara tatu, na mama wa watu alikuwa analia. Nikaona haya kumsumbua.

Nikamtengeneza Elia. Nikamvisha tai, nikamfuta kovu la kidevuni, nikaandika tarehe ya kufa chini yake.

Kadre ilipofika Runingu kwa pikipiki, Elia mwenyewe ndiye aliyeipokea. Mpwa wao akanipigia simu. Ndani ya saa moja nilikuwa nimetengeneza nyingine na kuituma, na ile ya kwanza wakaigeuzia ukutani. Nikajiambia mambo yamekwisha. Sikwenda kuomba radhi. Nilisema nitakwenda wiki ijayo, halafu wiki ijayo tena. Lakini picha ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa kwenye simu za Sange, za Luvungi, za kambi za wakimbizi, kila mahali familia ina mtu, na ile ya pili haikuifukuza. Nani anafungua picha ya maiti mara mbili?

Leo saa tisa nilimpigia Mama Rebeka. Anataka picha kubwa ya kumaliza matanga. Ilikuwa simu ya kwanza kwa mashine mpya, na yeye mwenyewe alishangaa, akasema ananisikia hata nikimeza mate. Tukaanza kuchagua fremu. Katikati ya neno akageuza sikio kwenye simu.

"Feza. Nani iko nyuma yako?"

Nikamwambia hakuna muntu. Alikuwa amesogea karibu na kamera, jicho moja limejaa ekra yangu yote.

"Iko muntu anapiga hodi. Ile ni sauti ya kaka yangu."

Sikuwa nimevaa kaske. Nikasikia na mimi, kwa masikio yangu, nyuma ya mgongo, upande wa dirisha. "Hodi. Hodi hapa."

Nilitazama ekra badala ya dirisha, na kwenye kile kipande kidogo kinachonionyesha mimi mwenyewe nikaona, juu ya bega langu, kichwa cha mtu nje ya kioo. Kofia imelowa. Uso ni ule nilioufanyia kazi usiku mzima, isipokuwa una kovu.

Sijui nilifikaje mlangoni. Nilifungua. Alikuwa amesimama kwenye baraza, amevua kofia, maji yanamtiririka, wala hakunyoosha mkono wala hakusalimia. Aliniuliza kitu kimoja.

"Weye unaniona?"

Nilichelewa kujibu. Naandika hili ili nisilisahau: nilichelewa, na yeye aliona nimechelewa.

"Nakuona, Papa Elia," nikasema. "Karibu."

Aliketi kwenye kiti cha wateja akaeleza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema baada ya mazishi alikwenda soko la Sange, mama mmoja akamwona akaacha vikapu vyake akakimbia. Dereva wa pikipiki aliyemjua tangu zamani alikataa kumbeba, akasema yeye alishalia kwa ajili yake. Huko kwao Runingu watu wanajua ukweli, walimwona analia juu ya kaka yake. Ila hata wao wameanza kupunguza salamu. Watoto wa shule wakimwona wanavuka barabara. Mke wake alikufa zamani, kwa hiyo hakuna wa kumwita kwa jina nyumbani.

Akaona dawa ni picha nyingine. Akaja Uvira kwa shemeji yake, akauliza studio, akaonyeshwa.

"Nilikuya mara ine," akasema. "Nilipiga hodi mpaka nikachoka. Niliona mugongo yako pa dirisha. Haukugeuka. Na mbele yako, ku ile ekra, niliona uso yangu na mawingu. Nikasema, basi, kumbe ni kweli."

Kumbe ni kweli. Alirudi kwa shemeji yake mara nne na maneno hayo kichwani, na hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa ndani na kaske masikioni, nalinganisha picha mbili ili nijue nilikosea wapi, nisiulizwe tena.

Tulikuwa tumemsahau Mama Rebeka. Simu ilikuwa wazi muda wote. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, kisha akaita, "Elia, ni weye?" Yeye akainama kwenye kamera, akamtazama dada yake muda mrefu. "Minye nasema ni minye," akamjibu. "Sasa weye ndiye useme." Mama Rebeka akalia, akamtaja jina, akarudia kulitaja, na kila alipolitaja mzee alikuwa anaitikia kama mtoto anayeitwa darasani.

Nikampiga picha palepale mlangoni, kwenye mwanga wa baada ya mvua. Alikataa tai. Alikataa kukaa. Nilipoifungua kwenye ekra mpya, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kovu, kwa mazoea, akanishika kifundo cha mkono.

"Usinisafishe," akasema. "Munasafishaka wafu."

Sikugusa kitu. Kovu, mvi, jicho jekundu, kola iliyokatika. Ni picha ya kwanza kutoka studio hii bila retushe. Nikaituma kwenye kundi la familia yao, lenye watu wa Sange, Luvungi, kambini na ng'ambo, nikaandika tu: Papa Elia, leo, Uvira. Tukangoja. Chumba kilikuwa kimya kabisa, na mimi ndiye niliyekitaka kimya hicho.

Majibu yakaanza kuingia. La kwanza: Pumzika kwa amani, baba. La pili lilikuwa mshumaa na njiwa. La tatu, mtu wa Luvungi aliandika kwamba picha hii ni nzuri kuliko ile, na kwamba Mungu ampokee.

Mama Rebeka aliandika pale pale, "Iko muzima," kwa herufi kubwa. Njiwa wakaendelea kuingia chini yake.

Papa Elia haoni maandishi madogo. Akaniuliza wanasema nini. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mtamu, naujua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kuwapa watu uso wanaoutaka. Sikuutoa. Nilimsomea yote, moja baada ya jingine. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake mbichi, akasema, "Basi picha haiwezi. Ni lazima uye weye mwenyewe."

Nitakwenda. Kesho saa moja asubuhi tunapanda gari la kwenda Sange, tunaanzia sokoni, kisha tunarudi nyuma hadi Runingu. Nitapita naye meza kwa meza na nyumba kwa nyumba, na nitasema kwa mdomo wangu, mbele za watu, kwamba mimi ndiye niliyekosea, huyu ni Elia, msalimieni. Naogopa. Naogopa kucheka kwao, na zaidi naogopa wasipocheka.

Alipoondoka nilimpa mkono wa kuagana. Niliubana kidogo kuliko inavyofaa, kutaka kujua kama una joto. Ulikuwa na joto. Alielewa ninachofanya. Hakuuvuta, akaniachia mkono wake mpaka nilipotosheka.