Mbishi Hajatupwa

Nyumbani,
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mume wangu, mjukuu wangu wa kwanza,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo lakini? Unakula? Unalala? Huko baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si msichana tena. Macho nayo ndiyo hivyo. Ukiona mistari inapanda mlima, wewe isome hivyo hivyo. Mama yako hajambo. Paka wake hajambo pia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mke mwenzangu, huyo mchumba wako, yu hali gani? Mwambie simwonei wivu, mradi akukumbushe kuvaa sweta.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Kila nikiligusa lile jambo unasema mtandao mbovu, kisha unakata. Haya, barua haina mtandao. Kaa kitako usome mpaka mwisho.

Lile sanduku lilifika. Juu uliandika kwa herufi kubwa kwamba kilichomo ni chuma chakavu, na kwenye ujumbe ukamwambia mama yako amtupe Mbishi, roboti yako ya mapigano, maana tangu akukate ncha ya kidole, wewe na maroboti basi. Mume wangu, niliumia. Roboti hiyo uliianzia kwenye meza yangu ya kushonea, ikiwa kipande cha bati na magurudumu ya gari la kuchezea. Ulikuwa unakula nayo, unalala nayo. Leo useme basi? Habari ya kidole ilinitoa machozi, lakini hilo neno "basi" ndilo lililoninyima raha.

Mama yako ndiye aliyekazana kuitupa kweli. Alisema hawezi kulala nyumba moja na kitu kilichomla mwanawe. Akalisukuma sanduku nyuma ya mlango wa jikoni, amngoje mnunuzi wa vyuma chakavu apite. Mimi nikagoma. Tukanuniana, kila mtu na chai yake.

Halafu Jumamosi moja nikamkuta amekaa sakafuni, sanduku li wazi, Mbishi yuko mapajani. Aliniambia anataka tu kukiona kilichomkata mwanawe. Kwenye fremu, kando ya lile diski la meno mawili analopigania, palikuwa na alama ya damu yako, imekauka. Akaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akaifuta taratibu, kama alivyokuwa akikufuta uso ulipokuwa mdogo. Alilia. Na mimi nililia, tena kwa sauti. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, hiki kidude kinawashwaje?"

Ndipo tukaanza, na usicheke. Mimi nimeishi na cherehani maisha yangu yote, na kwangu kila kinachozunguka lazima kinywe mafuta. Mkanda unaozungusha diski sikuugusa, mimi si mshamba, najua mkanda haupakwi. Lakini ekseli ya diski niliimiminia chupa karibu nusu. Mama yako akawasha. Salaala! Diski lilipozunguka likayarusha mafuta yote: mstari mmoja ukapanda ukutani, ukapita darini, ukashukia kichwani kwa mama yako. Paka alitoweka mpaka kesho yake. Mkanda nao ukalowa, ukawa unateleza tu, mota inalia, diski limetulia tuli. Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu habari ya kidole chako ifike, sikuwa nimemsikia akicheka.

Tuliona wawili hatutoshi, tukamwita fundi baiskeli wa pale kona, yule Polepole, unamkumbuka, hana haraka hata nyumba ikiwaka moto. Akalitoa diski, akalitia kwenye chuma chembamba, akakilaza juu ya makali ya visu viwili ili lizunguke lenyewe. Kila mara jino lile lile likawa linashuka chini. Kumbe upande huo ulikuwa mzito, ndiyo maana Mbishi alikuwa akitetemeka mwili mzima. Polepole akapiga tupa kidogo, akaliachia, akapiga tena. Ilimchukua siku nzima na chai zangu zote, mpaka diski likawa linatulia popote unapoliacha. Tulipolirudisha, tukaufuta mkanda mafuta na kuwasha, mlio ukawa laini kabisa.

Shida nyingine ilikuwa kona. Mbishi akigeuka ghafla diski likiwa limeshika kasi, gurudumu moja linanyanyuka, naye chali! Sababu yake Polepole alinieleza, nikaitikia tu kwa heshima. Tuliyasogeza magurudumu nje kidogo, na fremu tukaichonga mahali pengine ili uzito wake usizidi ule wa mwanzo. Mama yako naye akajifunza kulipunguza kasi diski kabla ya kugeuza. Siku hizi rimoti haimtoki mkononi. Hata mimi naiomba kwa adabu.

Lakini kilichomkosesha mama yako usingizi kilikuwa kingine. Alitaka kujua ulikatwaje. Akaichunguza roboti mpaka akaelewa: ulikuwa unakaza mkanda huku betri imechomekwa, na kile kiwaya ulichotumia kulizuia diski lisizunguke kikakatika. Sasa kwenye kiwanda cha mikate anakofanya kazi, hakuna anayetia mkono kwenye mashine ya kukandia unga kabla haijafungwa kwa komeo. Akamwambia Polepole atoboe tundu pana kupitia fremu na diski, wakachonga pini ya chuma hasa, nene kama kidole changu, akaifunga utepe mwekundu ili isisahaulike. Sheria ya nyumba hii sasa ni kwamba pini ikiwa nje, hakuna mkono unaomsogelea Mbishi.

Wiki iliyopita kulikuwa na mashindano kwenye chuo cha ufundi, na mama yako akamwandikisha Mbishi bila hata kuniambia. Maroboti yanapigana ndani ya chumba cha plastiki nene, unaona kila kitu. Tulianza na roboti bapa, mbele imechongwa kama kabari, ya vijana wawili wenye makelele. Ikamwingia Mbishi chini, ikambamiza ukutani, ikarudia. Nikafumba macho. Mama yako akarudi nyuma, akangoja diski lishike kasi, kisha akaiendea moja kwa moja. Kwaa! Kabari ikaruka juu, gurudumu likang'oka. Nilipiga kigelegele mpaka mwamuzi akageuka. Mechi ya pili tulichapwa, tena sawasawa, wala sitaki kuisimulia.

Nataka nikwambie kilichotokea baada ya ile ya kwanza. Diski liliposimama, mlango ukafunguliwa. Polepole akajitolea kwenda kumchukua Mbishi. Mama yako akamkatalia. Akaingia mwenyewe, akachomeka pini, akamnyanyua Mbishi na kumkumbatia kifuani. Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti. "Mama, hii roboti umeiunda wewe?"

"Ni ya mwanangu," akasema. "Mimi namshikia tu."

Umesikia, mume wangu? Yule aliyetaka kuitupa ndiye anayekushikia.

Sikulazimishi. Mkono ni wako, na maumivu uliyasikia wewe. Kuogopa si aibu. Mama yako anaogopa kila anapomwasha Mbishi, na anamwasha hivyo hivyo. Ukitaka kuacha, acha kwa sababu kazi hii huipendi tena. Usiache kwa ajili ya kidole. Mbishi yuko hapa mezani kwangu. Mkanda umeanza kuchanika, na hapa hakuna anayejua saizi yake ila wewe. Tuambie.

Polepole anakusalimu sana, anasema lile diski ulilichora vizuri, ulilikata vibaya. Dada yako anakusalimu, mtoto wake ameota jino na ananing'ata. Nisalimie mke mwenzangu na wenzako wote wa kazini. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe usingizi mzuri na watu wema.

Nimebakiza neno moja, na hili ni la mama yako. Amesimama nyuma yangu, anataka niliandike vizuri. Picha zote ulizotuma tangu uumie, mkono wa kushoto uko mfukoni. Umekaa na wenzako, uko mfukoni. Umemkumbatia mchumba, mkono mmoja tu, mwingine uko mfukoni. Unadhani hatuoni? Mkono huo tumeuosha sisi tangu ulipokuwa hauwezi kushika kijiko. Utoe, upige picha, ututumie kama ulivyo. Tumeumisi.

Ni mimi mkeo tangu siku uliyozaliwa, nikupendaye na nisiyetoa talaka,

Bibi