Alichosema Daktari

Ghorofa ya Tatu, Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Agosti 2024

Mpendwa kaka Beno,

Shikamoo. Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono zama hizi za simu, na utajiuliza Hyasinta kapatwa na nini tena. Kwanza nikujulie hali. Hujambo wewe, na wifi Brightness hajambo, na wanangu shule inakwendaje? Kifua chako kile cha baridi kimetulia? Uliniambia hata mwezi wa sita huko mlikuwa mnalala na mablanketi mawili. Huo si mji wa kukaa mtu wa Ndanda, lakini ndiyo riziki.

Sisi huku miili ni mizima. Mama mdogo Winifrida amebaki kijijini na ndiye anayelitunza kaburi la mama. Nguo za mama tuligawa siku ya arobaini. Vitenge vitatu ambavyo hakuwahi kuvivaa nimemwekea wifi, kimojawapo ni kile cha rangi ya ugoro alichokuwa akikitunza kwa ajili ya harusi. Akipatikana mtu wa kuaminika anayesafiri nitampa.

Dukani kwa Amira bado nipo. Tumehamia ghorofa ya pili ya jengo lile lile kwa sababu mwenye nyumba anakarabati chini, na wateja wanalalamika ngazi. Khanga zinakwenda kiasi chake. Wanaotuinua ni akina mama wa Zambia na Malawi, wanaobeba kwa mabelo. Hao Kiswahili hawana, ndiyo maana mwaka juzi Amira alinilipia masomo ya Kiingereza ya jioni pale Mchafukoge, kwa mwalimu Abdulmalik. Unajua nilivyojitapa nilipoanza. Nilikuwa nakutumia salamu za Kiingereza asubuhi na jioni mpaka ukaniambia nikuonee huruma.

Sasa nije kwenye ulichoniagiza. Wiki jana uliniandikia kwamba umepeleka malalamiko hospitali juu ya yule daktari Mwingereza, kwamba alitudanganya mama anapata nafuu, tukabweteka, na siku ya tatu mama akafa. Ukasema wanataka maelezo ya maandishi ya mtu aliyekuwapo, yaani mimi, na niweke sahihi. Nilikwenda huko hospitali Upanga Alhamisi kuuliza. Muuguzi mmoja akaniambia daktari ameshaitwa kujieleza na haruhusiwi kuona wagonjwa mpaka jambo hili liishe, na maelezo yangu yakisema kama wewe unavyosema, wanamrudisha kwao.

Haya, maelezo ndiyo haya. Nakuomba uyasome umekaa, na wifi awe karibu yako.

Jumanne ile, tarehe ishirini na moja Mei, saa nne asubuhi, wodini tulikuwa mimi na Mama mdogo. Mama alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa, macho ya njano. Daktari akaja peke yake. Siku nyingine zote alikuwa anasimama, anasoma faili, anaondoka. Siku hiyo alivuta kiti akakaa. Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na pole, kwa hiyo aliniuliza kama amwite muuguzi atusaidie lugha.

Nikamwambia hakuna haja, mimi Kiingereza nakijua. Kaka, nilisema hivyo kwa sauti, wodi nzima isikie. Kulikuwa na mama mmoja wa Moshi kitanda cha pili ambaye watoto wake wamesoma na walikuwa wanatuangalia kwa jicho la pembeni. Nilitaka na yeye asikie.

Basi akaanza kusema, polepole, sauti ya chini. Mengi yalinipita. Nikadaka mambo mawili. La kwanza alisema, "We will keep her comfortable." Hilo neno comfortable mimi nalitumia dukani kila siku ya Mungu. Mteja wa Lusaka akishika khanga ya pamba namwambia very comfortable, yaani laini, haikuchomi, unaivaa unajisikia raha. Mwalimu Abdulmalik alitufundisha kwa kiti na mto. Kwa hiyo nikaelewa kwamba mama atakuwa na raha. Ugonjwa umekwisha kushikwa, sasa ni kupumzika.

La pili, aliuliza kama tuna ndugu walio mbali. Nikajibu kwa mbwembwe, kaka yangu yuko England. Akaniangalia, akasema, "I would call him sooner rather than later." Hayo ya katikati yalikwenda kama daladala isiyosimama, nikabaki na la mwisho. Later. Nani asiyelijua? Ni baadaye. Nikaelewa anasema Beno asiitwe sasa, ataitwa baadaye.

Nikamshukuru sana. Hata nikacheka. Yule baba wa watu alinitazama kama mtu aliyeona jambo asilolielewa, akanigusa bega, akaondoka. Leo ndiyo naelewa alichokuwa anakitazama. Alikuwa anamtazama mtu aliyeambiwa mama yake anakufa naye akasema thank you very much na meno yote nje.

Mama mdogo akaniuliza kasemaje. Nikamtafsiria kwamba kasema dada yako sasa atakuwa na raha, na Beno tutamwita baadaye, haraka haipo. Mama mdogo akapiga ishara ya msalaba akalia kwa furaha. Jumatano asubuhi akapanda basi kurudi Ndanda, ufuta wake ulikuwa unapukutika shambani hauna mtu. Alifika jioni, na keshokutwa yake tukampigia simu ya msiba. Mpaka leo hajui kwa nini aliondoka.

Halafu nikakupigia wewe. Unakumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikuwa umeshaomba ruhusa kazini na umeshaangalia tiketi ya usiku huo. Nikakwambia usikate, daktari kasema mama anaendelea vizuri, tunza hela yako uje Desemba na watoto. Ukaniuliza, "Alisema maneno gani hasa, kwa Kiingereza?" Na mimi nikakujibu, "Kwani Kiingereza mmeumbiwa nyie wa Ulaya peke yenu?"

Ningekutajia lile neno moja tu, kaka. Wewe unayewaogesha na kuwalisha wazee wa watu huko kwenye nyumba ya kuwatunzia, neno hilo unalisikia kila wiki na unajua likisemwa kinachofuata ni nini. Ungekata tiketi Jumanne, Alhamisi asubuhi ungekuwa mlangoni. Nimeshahesabu masaa mara nyingi, sihitaji unihesabie.

Utauliza nimejuaje. Mwezi uliopita nilirudi darasani, maana nyumbani jioni palikuwa hapakaliki. Mwalimu Abdulmalik alikuwa anatufundisha jinsi Waingereza wanavyosema jambo bila kulitaja, ukisikia hivi ujue wanamaanisha vile. Watu wakawa wanatoa mifano, wanacheka. Nikanyoosha mkono nikatoa yangu mawili, wala sikusema yametoka wapi. Mwalimu akacheka la later, akasema hilo maana yake ni fanya sasa hivi, usingoje. La comfortable hakulicheka. Akaniuliza nililisikia wapi. Nikasema hospitali. Akafunga kitabu, akawaambia wenzangu watoke kidogo.

Akaniambia, "Dada Hyasinta, hayo ni maneno ya kuaga. Maana yake dawa imekwisha, imebaki kumpunguzia maumivu tu."

Sikulia pale. Nililia kesho yake dukani, katikati ya wateja, na Amira akanifungia stoo na mafurushi ya khanga mpaka nilipomaliza. Kinachoniuma, kaka, ni kwamba mimi ndiye muuza mafumbo wa Kariakoo. Mwanamke anaingia dukani, ananiambia ana shemeji hivi na hivi, namtolea khanga yenye maandishi ya kumfikia shemeji bila kumtaja jina, na shemeji akiiona tu chakula hakishuki. Miaka kumi na moja nafanya kazi hiyo. Yule daktari angesema kwa Kiswahili tumwachie Mungu, au endeleeni kumwombea, hapo hapo ningeanza kuulizia turubai la msiba. Mtoto wa darasa la pili analielewa hilo. Kumbe nao wana ya kwao, na wao hawataji kifo mbele ya mgonjwa, wanaficha kama sisi. Mimi nilidhani Kiingereza ni maneno tu, ukiyajua maneno umekijua. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi niliambiwa, tena taratibu, tena nikaulizwa kama nataka mkalimani.

Kwa hiyo malalamiko yako yafute. Nakuomba sana, na kama kuomba hakutoshi nakusihi kwa jina la mama. Daktari hakudanganya. Alisema kweli kwa adabu, kwa lugha yake, kwa mtu aliyemhakikishia kuwa anaijua. Jumatatu nakwenda mwenyewe Upanga na nakala ya barua hii nikawaambie ana kwa ana, tena safari hii nitaomba mkalimani. Ukitaka mtu wa kumkasirikia, jina langu kamili unalijua.

Mama mdogo nitamwambia mwenyewe nikienda Novemba. Usimwambie kwenye simu, ana presha.

Nilitaka kuishia hapo. Nilishakunja karatasi, nikaikunjua. Umeniomba maelezo ya alichosema daktari, hukuniomba ya alichosema mama, lakini nikinyamaza hili nitakuwa nimekuandikia nusu.

Alhamisi, saa tisa mchana, nilikuwa namnywesha uji. Vijiko vitatu, cha nne akakataa. Akaniuliza, "Beno likizo yake ni mwezi gani?" Nikamwambia Desemba, watakuja wote. Akafumba macho, nikadhani kalala. Akasema, "Desemba mbali." Nikamwambia mama, usiseme hivyo, daktari kasema uko vizuri. Akanitazama, kaka. Akaniuliza kama daktari alipokuja juzi alikaa au alisimama. Nikasema alikaa. Akasema, "Haya. Basi msimsumbue mwanangu."

Hapo hapakuwa na Kiingereza. Wewe na mimi tumelelewa na mama huyo. Akisema msinipikie, ana njaa. Akisema msije, mvua kubwa, anakaa barazani akitazama njia. Alipokuwa anasema msimsumbue alikuwa ananiomba nikupigie, na nilimwelewa, nilimwelewa pale pale na kijiko mkononi. Simu ilikuwa mapajani. Nilifungua jina lako. Nikawaza nikikupigia nitakwambia nini, wakati juzi tu nimekutukana, na Mama mdogo nimemrudisha, na wodi nzima nimewatangazia kuwa mama kapona. Nikaifunga. Nikamfuta mama mdomo nikamwambia sawa mama, hatutamsumbua.

Hakuuliza tena. Alifariki Ijumaa kabla ya jua kutoka, na mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji ya moto ya kumwogesha.

Daktari nilikosea kumwelewa, na hilo labda siku moja utanisamehe, kwa sababu hata mwalimu alisema ni kosa la mwanafunzi. La mama sina wa kumsingizia. Ningekupigia ungemsikia sauti kwenye simu, naye angekusikia, hata kama usingewahi kufika. Maneno yake nimekuandikia kama alivyoyatamka, sikupunguza wala sikuongeza. Tafsiri fanya mwenyewe.

Nisalimie sana wifi Brightness, mwambie vitenge vyake vipo. Wabusu wanangu wote wawili, Evelyn na Goodluck, na usiwaambie habari hii mpaka wakue. Amira anakusalimu na anakupa pole tena. Mwalimu Abdulmalik naye, ingawa hamjuani, aliniomba nikufikishie pole yake.

Mungu aliyempokea mama akulinde ugenini, akupe afya na kazi isiyokuumiza mgongo. Usinijibu kwa haraka. Na ukiamua kutonijibu, nitaelewa.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Hyasinta