Umejaa Nini?

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuelezeje. Utashangaa kuona barua badala ya simu. Wewe, kaka, ukipokea simu unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na mama ndiye wa kwanza kuitikia. Haya hapaswi kuyasikia. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Nimepata ujumbe wako kwamba uvimbe wa shingoni sasa unamtatiza mama kumeza, na kwamba Jumanne ijayo mnamleta hapa hospitalini kwangu apasuliwe. Unasema anatamba mtaa mzima kuwa hana hofu, maana hewa atakayovuta akiwa usingizini imetengenezwa na mwanawe. Nilicheka, halafu nikatafuta pa kukaa.

Unajua jina la Bwana Pumzi nililipataje. Wakati wa janga wagonjwa walilala mpaka verandani, nasi tukisubiri lori la mitungi kutoka kiwandani roho zikiwa juu juu. Kisha wafadhili wakatuletea mtambo wetu wenyewe, unaovuta hewa ya kawaida, kuichuja na kutoa oksijeni. Siku ulipoanza kunguruma wauguzi walilia. Tangu hapo swali letu likawa moja tu: umejaa? Muuguzi anauliza akiwa mlangoni, mimi natazama mshale wa geji, najibu umejaa, mtungi unabebwa. Hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

Janga likapita, na waliokuwa wakituulizia hali nao wakapita. Kikaushio cha hewa kikaanza kuharibika, unyevu ukaingia kwenye punje za kuchujia oksijeni, nazo zikilowa hazichuji. Baadaye kifaa cha kupima ubora wa oksijeni kikafa kabisa. Niliomba kipya, nikaomba tena. Mganga mkuu akanitania kwamba nimezoea dharura kiasi kwamba sasa nazitafuta kwa tochi.

Jumatatu hii muuguzi wa wodi ya wanaume, yule mama mnene mwenye vichekesho, aliingia karakana bila kicheko. Alisema ana mgonjwa ambaye kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakipandi ingawa amemfungulia hewa mpaka mwisho. Amebadilisha mtungi, hali ni ileile. Ndipo akakumbuka mtungi wa kiwandani uliosahauliwa nyuma ya kabati la mashuka tangu enzi zile. Alipomuunganishia, namba zikapanda mbele ya macho yake. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: mitungi yangu imejaa, sawa, lakini imejaa nini?

Geji inasoma msukumo tu, kaka. Ukijaza mtungi upepo wa uwanjani, mshale utasimama palepale pa siku zote.

Nilimfikiria fundi viatu wa hapa langoni, yule aliyekuwa akinisimanga kwamba natembea kama bata ndiyo maana soli zangu zinalika upande. Wiki iliyopita aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, ngiri tu. Hakuamka. Nasikia kipimo kilipolia walimwongeza hewa, kikalia zaidi, wakaongeza ileile. Mkewe ameambiwa ni moyo. Huenda ni moyo kweli.

Nilikwenda kwa mganga mkuu papo hapo. Alinisikiliza, akafunga mlango, akasema Alhamisi wafadhili wanakuja kuona mtambo wao, kwa hiyo niuache ungurume. Hewa hafifu, alisema, ni bora kuliko kukosa kabisa. Nikamjibu kwamba anayekosa anaonekana amekosa, atahamishwa. Wetu tunamfunga upepo usoni tukiamini tumemsaidia. Akaniuliza kama nimechoka kazi. Nikatoka.

Sasa nikwambie nililofanya leo. Mitungi michache ya kiwandani tuliyoipata kwa kupekua stoo, muuguzi ameipeleka kwa watoto wachanga na kwa akina mama wanaojifungua. Wengine wanaohitaji hewa daktari wa zamu amekubali kuwahamishia hospitali nyingine. Wa mwisho ameondoka mchana huu. Gari lilipotoka getini, nikazima mtambo. Kisha nikafungua kila mtungi niliokuwa nimeujaza, ukapumua nje mpaka mshale ukalala. Naogopa, kaka, sikufichi. Ukipapasa bahasha utakuta kitu kigumu: ni ufunguo wa kuwashia mtambo. Usimpe mtu, hata akija na jina langu mdomoni. Wanaweza kuvunja mlango, lakini kabla ya kuwasha itabidi mtu aulize kwa nini umezimwa.

Mama usimlete. Mpeleke kwingine, hata kama ni mbali, na umwambie nimetumwa safari ya kikazi. Mkifika, kabla hajalazwa, mtafute daktari wa usingizi umuulize swali la yule muuguzi. Asipokuwa na jibu, rudi na mama nyumbani.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mama mshike mkono kwa niaba yangu. Muuguzi anasubiri barua hii aipitishe kituo cha basi. Tangu janga, hapa hata mfagiaji hunijua kwa jina la utani tu. Sasa hivi kuna watu uani wananiita, na wanatumia jina langu kamili.

Mdogo wako,
Bwana Pumzi